Zedi ya Mwaka wa Kwanza

Sumaku yangu niliitoa kwenye spika ya redio mbovu. Nimeivisha kitambaa cha fulana isije ikakwaruza rangi, na kwa zaidi ya miaka 30 nimeipitisha kwenye bodi za magari ambayo watu walikuwa karibu kuyalipia. Ikinata, hapo kuna bati. Ikiteleza, hapo kuna pati, na chini ya pati kuna kutu au kuna ajali ambayo mwenye gari hakuitaja.

Mwaka juzi kijana mmoja alinipigia simu. "Mzee, nimepata Zedi. Ya 1970. Mwenyewe anasema ni toleo la mwaka wa kwanza, ndiyo maana bei iko juu." Nikacheka. Nilipokuwa mwanagenzi gerejini, maneno hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakishusha bei.

Datsun 240Z, ile tunayoiita Zedi, ilitambulishwa Japani Oktoba 1969, na kwao iliitwa Fairlady Z. Huko Marekani, Yutaka Katayama aliyeongoza biashara ya Nissan alikuwa amelilia sana gari la aina hiyo, na lilipofika 1970 liliuzwa dola 3,526: silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Sisi lilitujia kwa mlango mwingine. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, na mwenzake Hans Schüller walishinda mbio za Safari wakiwa na Datsun 1600 SSS. Pasaka iliyofuata wakarudi na 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, wakashinda tena, na wa pili akawa Shekhar Mehta katika 240Z nyingine. Nilikuwa na miaka 14. Tulisikiliza matokeo kwenye redio ya jirani, na kuanzia siku hiyo kila mtoto wa mtaa wetu akisukuma gari la waya alikuwa anasukuma Zedi. Mwaka 1973 Mehta akashinda na Zedi akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström.

Ushindi ule uliwauzia watu gari, ukawasahaulisha jambo moja. Gari la mashindano lilitengenezwa na kiwanda na kufuatwa njiani na mafundi na spea. La dukani halikufuatwa na mtu. Nilipoingia gerejini, Zedi za mwanzo zilianza kufika zikiwa zimechoka, na mwalimu wangu, mzee wa Kihindi asiyependa maneno mengi, alikuwa akiuliza swali moja kabla hata ya kufungua boneti: ni ya kabla au ya baada?

Alimaanisha difu. Katika Zedi za mwanzo difu lilifungwa mbele kidogo ya mahali pake, kwa hiyo shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma zilikaa upande, zikazunguka kwa pembe. Ukishika mwendo wa barabara kuu unasikia mtikisiko makalioni, na viungo vya shafti vinaisha kabla ya siku zake. Kufikia katikati ya 1971 kiwanda kilikuwa kimelisogeza nyuma kwa takriban sentimita tatu na nusu. Hayo tu. Lakini mteja aliyekuja na ya "kabla" alipunguziwa bei bila mjadala, na dalali aliyemletea alinuna.

Na si kwamba kila cha mwanzo kilikuwa kibaya. Kabureta za miaka ya kwanza, zile za vichwa vya mviringo, zinasikia fundi. Unazipa mafuta kidogo kwenye bomba lake la kati, unazilinganisha kwa sikio, basi. Zilizouzwa Marekani 1973, za vichwa bapa, zilitengenezwa ili kutimiza sheria za moshi, na wenye magari wengi huko waliishia kuzing'oa na kutafuta zile za zamani. Mwaka wa mwisho ukaenda kuomba kwa mwaka wa kwanza! Hili hulisahau mtu anayekuambia kwa jumla jumla kwamba toleo la kwanza usiliguse.

Basi tukaenda kuliona hilo gari, shamba moja nje ya Nanyuki. Lilikuwa chini ya turubai, kuku wametaga kwenye kiti cha abiria. Mwenyewe alinishika mkono akanipeleka nyuma moja kwa moja, akanionyesha matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma. Ni kweli, hiyo ni alama. Baadaye matundu yalihamishiwa ubavuni, nyuma ya madirisha. Nikaitikia kwa kichwa, nikashuka chini na sumaku yangu.

Vizingiti vya milango: ilinata. Sakafu upande wa dereva: iliteleza. Kitako cha betri kilikuwa kimeliwa na asidi hadi kidole kikapita. Afadhali limekaa nyanda za juu. Lingekuwa la Mombasa tungelikuta nusu. Kwenye kibati cha injini kulikuwa na nambari inayoanza na L24, lakini kwenye bloku yenyewe, nilipofuta grisi kwa petroli, ilikuwa imepigwa chapa L26. Injini ya 260Z. Kijana akasawijika. Nikamwambia injini hiyo ni ndugu wa damu, haitamlaza njiani. Ila alipie gari lililobadilishwa injini, asilipie la maonyesho. Mgandamizo wa silinda zote sita ulikaribiana, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Difu? Kuna mkono uliokwisha lisogeza zamani. Sikuuliza ni wa nani.

Bei ilishuka kwa theluthi moja, tukanywa chai, gari likaja Nairobi juu ya lori.

Wiki sita baadaye kijana alirudi. Sakafu imechomelewa, rangi inang'aa, lakini kila akipanda Limuru anaumwa kichwa na nguo zinanuka moshi. Niliona aibu. Matundu yale yale tuliyoonyeshwa kwa fahari yalisemwa tangu zamani kuwa huvuta moshi wa ekzosi ndani; mwalimu wangu alikuwa akiyaziba yeye mwenyewe, na mimi niliyatazama nikayasifu. Nilifungua taa za nyuma, nikakuta mpira wake umekuwa unga, na wa mlango vilevile. Nikakata vipande vya tyubu ya lori, nikavigundisha, nikaziba matundu kwa ndani. Sikumtoza kitu.