Vinamasi vya Kigezi: Kutoka Mtaro hadi Motisha

Mimi ni mzaliwa wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba bonde la Kiruruma, lenye malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi, liliumbwa hivyo. Babu ndiye aliyenieleza kuwa zamani pale palikuwa na mafunjo matupu, marefu kuliko mtu. Katika insha hii nitaeleza jinsi serikali ilivyobadili msimamo wake kuhusu ardhi hiyo, na kwa nini mabadiliko hayo yanamgusa mkulima.

Katika miaka ya 1940 na 1950, utawala wa Waingereza uliona kwamba milima ya Kigezi imejaa watu. Baadhi ya familia zilihamishiwa maeneo mengine, na vinamasi vikachimbwa mitaro ili maji yatoke na watu wapate mahali pa kulima. Wakati huo, aliyekausha kinamasi alihesabiwa kuwa mkulima wa maendeleo.

Upepo uligeuka mwaka 1986, serikali mpya ilipopiga marufuku ukaushaji mkubwa wa vinamasi. Mwaka 1988 Uganda ikajiunga na Mkataba wa Ramsar. Katiba ya 1995 ikakaza zaidi: ardhioevu ikawekwa mikononi mwa serikali kama mdhamini wa wananchi wote. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kufuta hatimiliki zilizotolewa ndani ya vinamasi kinyume cha sheria.

Lakini amri haishibishi mtu. Ndiyo maana mradi ulioanza 2017, kwa fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulikuja na motisha: anayetoka kwenye kinamasi asaidiwe kupata riziki nyingine, kama vile kufuga samaki au mifugo, au kumwagilia shamba lililo nje ya kinamasi.

Wapo wanaosema huko ni kumzawadia mvunja sheria. Sikubaliani nao. Mitaro ya Kigezi ilianza kuchimbwa kwa baraka za serikali, tena kabla ya sheria hizi kuwapo. Mjukuu wa aliyeichimba akiambiwa aondoke mikono mitupu, anabebeshwa peke yake mzigo wa kosa la wengi. Kinamasi kinachohifadhi maji humnufaisha hata anayeishi mbali; basi na gharama ya kukirudisha igawanywe. Kwangu mimi, motisha hiyo si zawadi. Ni deni.