Mto Nduruma na Nyumba Zetu

Siku za jubilii watu hupenda kuhesabu majengo na kengele, na kutaja majina ya wakubwa waliotutangulia. Ni vema kufanya hivyo. Lakini watu waketio kanisani hutoka katika nyumba zao wenyewe, na nyumba hizo nazo zina historia, ingawa hakuna aliyeichonga juu ya jiwe. Kwa hiyo nimeona inafaa niwaandikie habari za nyumba zetu za Nduruma, jinsi zilivyoishi kwa maji ya mto mmoja, na jinsi maji hayo yalivyotugombanisha na kutupatanisha.

Mto Nduruma watoka katika Mlima Meru, ambao kimo chake ni meta 4,566. Mbavu za kusini za mlima huu hupata mvua nyingi, hasa masika, tangu Machi hata Mei. Huku chini tambarare mvua ni haba, na wakati wa kiangazi upepo huinua vumbi mpaka ndani ya nyumba. Mto hushuka katika migomba na kahawa, hupita kati ya mashamba makubwa, kisha hufika kwetu penye mahindi, maharagwe na mboga. Ukitoka hapa huungana na maji ya Kikuletwa, na hayo huenda Pangani mpaka baharini. Basi kila mtu atekaye maji ana jirani juu yake, tena ana jirani chini yake.

Zamani watu wengi walikaa juu mlimani. Wameru walikuwa upande wa kusini-mashariki. Waarusha, waliotoka Arusha Chini, walifika miaka ya 1830 wakakaa upande wa kusini-magharibi. Makabila haya mawili yalipigana, tena yalioana, hata leo nyumba nyingi zina bibi wa upande huu na babu wa upande ule. Nyumba ilikuwa na migomba yake na ng'ombe zake. Samadi ya zizini ililisha migomba, na majani ya migomba yalilisha ng'ombe. Watoto walikua kwa ndizi na kwa loshoro, yaani mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando.

Maji yaliletwa kwa mifereji. Wanaume waliotumia mfereji mmoja walitoka pamoja kuuchimba na kuuzibua, na asiyetoka siku ya kazi alitozwa. Wazee waligawa zamu: huyu mchana, huyu usiku. Hakuna aliyeandika zamu hizo, lakini kila mtu alizijua. Mama zetu ndio waliobeba maji kichwani na mgongoni, wakajua kuliko wote uzito wa siku ya ukame. Lakini wao hawakuketi katika baraza la mfereji. Neno hili yatupasa kulisema waziwazi, kwa sababu historia inayoficha makosa ya wazee haiwasaidii watoto.

Hata mwaka wa 1896 msiba mkubwa uliifikia nchi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba wamisioni wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kisha askari wa Wadachi walikuja pamoja na wasaidizi wao kutoka Kilimanjaro kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, migomba ikateketezwa, ng'ombe zikachukuliwa. Adhabu iliwaangukia na wale wasiokuwa na hatia, hata wanawake na watoto wachanga. Twakumbuka makaburi ya Akeri, na inatupasa kukumbuka pia njaa ya watu wale. Mwaka wa 1900 boma la serikali lilikuwa limejengwa Arusha. Mwaka wa 1902 wamisioni walirudi wakakaa Nkoaranga, na mwaka wa 1904 walianza kazi Ilboru.

Baadaye masetla walipewa ardhi kuuzunguka mlima, na njia za kushuka malishoni zikawa nyembamba. Waingereza walipoiteka Arusha mwaka wa 1916 watu walitumaini kurudishiwa ardhi yao, lakini sehemu kubwa iliuzwa kwa masetla wengine. Reli ilifika Arusha mwaka wa 1929, kahawa ikapata njia ya kwenda sokoni, na watu wakazidi kuongezeka. Mwaka wa 1951 Wameru wa Ngare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu katika mashamba yao. Mwaka wa 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini watu wa nchi nzima walijifunza kwamba mkulima wa mlimani aweza kusema, na dunia ikamsikiliza.

Mlima ulipojaa, vijana walishuka tambarare kutafuta mahali pa kujenga. Nyumba nyingi za Nduruma zilianza hivyo. Walikuja na majembe, na ng'ombe wachache, na desturi ya zamu ya maji.

Nitasimulia jambo moja la nyumbani kwetu. Nilipokuwa mtoto, mwaka mmoja mvua zilikosa. Zamu yetu ilikuwa imekwisha, na mahindi yetu yalikuwa yakianza kujikunja majani. Usiku baba alichukua jembe akaenda peke yake, akaziba njia ya jirani, akafungulia maji shambani mwetu. Asubuhi jirani alikuta tope limekauka. Hakuja na fimbo. Alikwenda kwa wazee. Baba aliitwa, akakiri, akatozwa mbuzi mmoja. Mama alilia, kwa kuwa mbuzi yule ndiye tuliyemtegemea kwa daftari na sare zetu za shule. Mbuzi alichinjwa mbele ya watu wote, na jirani na baba walikula nyama yake pamoja. Tangu siku ile hata baba alipofariki, wale wawili walilinda maji pamoja usiku, kila mmoja katika zamu ya mwenzake.

Leo mambo yamekuwa magumu zaidi. Mji wa Arusha umekua. Katikati ya mto yako mashamba ya maua na mboga za kuuzwa Ulaya. Ofisi ya maji ya Bonde la Pangani iliwekwa mwaka wa 1991, na sheria ya mwaka wa 2009 yataka vibali na vyama vya watumia maji. Sheria ni njema, maana mto wenye watumiaji wengi namna hii hauwezi kutunzwa kwa kumbukumbu ya kichwa peke yake. Lakini kibali hakimwamshi mtu usiku kwenda kumfungulia mwenzake maji. Na siku hizi mtu wa chini hamjui mtu wa juu kwa uso, hivyo ni rahisi kila mmoja kumhesabu mwenzake kuwa mwizi.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto siku ya kazi ya mfereji, wavulana na wasichana pia, na mama zao wapewe kiti katika baraza. Nanyi walimu, waagizeni wanafunzi wawaulize wazee: mfereji wetu ulichimbwa na nani, na zamu ziligawanywaje? Wayaandike majibu katika daftari zao. Wazee wanatuacha mmoja mmoja, nao wanakwenda na habari hizo. Tena watu wa chini wapande mlimani wakati wa kiangazi, wasiende kugombana, bali waende kusalimu, wajuane majina na wale wanaoanza kuyapata maji. Kumnyima maji mtu ambaye umekula naye ni kazi ngumu, kama jirani wa baba alivyojua, na baba naye.