Bora, Kocha wa Nchi za Watu

Jumamosi ya 13 Juni 1998, sebule ya jirani yetu ilijaa watu mpaka mlangoni. Nigeria walikuwa wametanguliwa mara mbili na Uhispania na kusawazisha mara mbili. Kisha Sunday Oliseh akaachilia kombora kutoka mbali, 3-2, na sebule nzima ikaruka. Kamera ikahamia kwa benchi: mzungu wa miwani, nywele zimemwangukia usoni.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

"Anaitwa Bora," baba akajibu.

"Bora kuliko nani?"

Watu wakacheka. Kumbe ni kifupi cha Velibor. Velibor Milutinović, Mserbia. Baba alisema ametoka Yugoslavia, na Jumatatu nikaitafuta kwenye atlasi ya shule. Ilikuwepo, tena kubwa. Mwalimu akaniambia atlasi yetu imezeeka, nchi hiyo ilishavunjika vipande vipande. Hilo lilinikaa kichwani kuliko hata bao la Oliseh.

Baadaye nilianza kumsoma. Alizaliwa 1944 huko Bajina Bašta, kando ya mto Drina, vita vikiwa bado vinapiganwa. Akawa yatima akiwa mtoto, akalelewa na jamaa. Mpira ulikuwa wa ukoo: kaka zake, Miloš na Milorad, walichezea Partizan ya Belgrade, naye akafuata. Kisha akaanza kuhama. Uswisi, Monaco, Nice, mwishowe Pumas ya Mexico City, na hapo ndipo alipotundika daluga na kuwa kocha. Akaoa hukohuko.

1986 aliwafikisha wenyeji Mexico robo fainali ya Kombe la Dunia, wakatolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti. 1990 akawachukua Costa Rica miezi michache tu kabla ya fainali, na walikuwa hawajawahi kufika huko. Wakachapa Scotland na Sweden, wakavuka makundi. Dhidi ya Brazil mjini Turin waliingia na jezi za mistari nyeusi na nyeupe, rangi za Juventus, wenye mji. Walifungwa moja tu.

Halafu kuna Marekani 1994, na hapa ndipo mimi hutulia kidogo. Miaka miwili nyuma, Yugoslavia walikuwa wamefika Sweden kucheza Kombe la Ulaya wakarudishwa nyumbani kwa sababu ya vikwazo vya vita. Denmark wakaitwa dakika za mwisho, wakabeba kombe. Yugoslavia wakafungiwa pia mechi za kufuzu za 1994. Kwa hiyo Sarajevo ikiwa imezingirwa na timu ya kwao ikiwa imefungiwa, Bora alikuwa California akiwafundisha vijana ambao nchi yao haikuwa hata na ligi kuu ya kulipwa. Wakawafunga Colombia 2-1. Tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, Brazil wakawatoa kwa bao moja.

Nigeria yetu ya 1998 iliishia kuchapwa 4-1 na Denmark. China 2002 walipoteza mechi zote tatu, wakafungwa mabao tisa bila kupata hata moja. Lakini mpaka leo hiyo ndiyo fainali pekee ambayo China wamewahi kucheza.

Nchi tano, Kombe la Dunia tano mfululizo. Ni rahisi kumwita mamluki, mtu wa kufuata mshahara, na pesa kweli alilipwa. Lakini mamluki huwa ana kwao pa kurudi akichoka. Bora aliondoka kijana, na alipogeuka nyuma kwao kulikuwa kumegawanywa na watu waliokuwa wakiuana. Mimi naona alijifunza mapema jambo ambalo wengi wetu hatulitaki: kupenda timu isiyo yako kama yako, ukijua wazi utafukuzwa.

Serbia, kwa jina lake yenyewe, ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza 2010, Afrika Kusini. Kocha alikuwa mwingine. Bora alikuwa amepita hukohuko mwaka mmoja kabla, kwenye Kombe la Mabara, akiwa na Iraq, timu ileile aliyoifunga na Mexico 1986. Iraq nao walikuwa wametoka vitani.