Kwa nini ndege mwimbaji wa misitu ya Marekani amepungua kwa nusu?

Jioni za mwezi wa Juni, jua linapozama, katika misitu ya mashariki mwa Marekani husikika sauti laini kama ya filimbi. Mwenye sauti hiyo ni ndege mdogo anayejificha kwenye kivuli, ambaye watu humsikia zaidi kuliko kumwona.

Sauti hiyo bado ipo. Lakini kati ya mwaka 1966 na 2019, idadi ya ndege hao ilipungua kwa takriban nusu. Makala hii inaeleza ni ndege gani, anapungua kwa sababu zipi, na kwa nini ni vigumu kumlinda.

Ni ndege gani huyu?

Kwa Kiingereza anaitwa wood thrush. Ni wa jamii ya mikesha, ndege wanaochakura majani makavu chini ya miti wakitafuta chakula. Ana urefu wa sentimita 20 hivi na uzito wa gramu 40 hadi 50, yaani hafikii uzito wa yai kubwa la kuku. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo ni jeupe lenye madoa meusi. Hula wadudu, minyoo, konokono wadogo na matunda ya porini.

Kiungo chake cha sauti kina pande mbili, na kila upande unaweza kutoa sauti yake. Kwa hiyo ndege mmoja huimba sauti mbili kwa wakati mmoja. Mji mkuu wa Marekani, Washington, umemfanya kuwa ndege wake rasmi.

Ndege mwenye makao mawili

Huyu ni ndege msafiri, kama mbayuwayu wanaokuja Afrika Mashariki kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya. Majira ya joto hutaga na kulea makinda Marekani na kusini mashariki mwa Kanada. Baridi ikikaribia husafiri usiku kwenda kusini, wengi wakivuka Ghuba ya Meksiko, na kukaa katika misitu ya tropiki kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama.

Mwaka 2007, mtafiti Bridget Stutchbury wa Chuo Kikuu cha York nchini Kanada na wenzake waliwafunga ndege 14 wa aina hii vifaa vidogo mgongoni huko Pennsylvania, Marekani. Vifaa hivyo hurekodi mwanga wa jua, na kutokana na mwanga huo mtafiti hukadiria ndege alipita wapi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Ndege waliorudi na vifaa vyao hawakuwa wametawanyika ovyo: walikuwa wamekaa katika ukanda mwembamba wa mashariki mwa Honduras na Nicaragua. Maana yake ni kwamba msitu wa huko ukifyekwa, msitu wa Pennsylvania unaweza kukosa waimbaji wake, hata kama haujaguswa.

Upungufu ulijulikanaje?

Tangu 1966, watu wa kujitolea nchini Marekani na Kanada huhesabu ndege kila mwaka wakati wa kuzaliana. Kila mmoja hufuata barabara iliyopangwa, husimama mara 50, na kila kituo huhesabu kwa dakika tatu ndege anaowaona na kuwasikia.

Hesabu hizo zinaonyesha upungufu wa takriban asilimia 1.3 kwa mwaka. Kiwango hicho kinaonekana kidogo. Lakini fikiria mfugaji mwenye kuku 100 anayepoteza mmoja tu kila mwaka. Hatashtuka mwaka wa kwanza, wala wa pili. Baada ya miaka 50, banda limebaki nusu. Bila kuhesabu, si rahisi mtu mmoja kuligundua jambo hilo.

Nini kinawapunguza?

Sababu ni kadhaa, na zinaongezana.

Kwanza, msitu kukatwa vipande vipande. Barabara, nyumba na mashamba huacha misitu midogo yenye kingo nyingi. Kwenye kingo hizo kuna paka, kunguru na wanyama wengine wanaokula mayai na makinda. Yupo pia ndege ambaye hajengi kiota: hutaga katika viota vya wenzake, nao humlelea makinda huku ya kwao yakikosa chakula.

Pili, paa wamezidi katika misitu mingi. Hula vichaka vya chini ambamo ndege huyu hujenga na kujificha.

Tatu, mvua yenye asidi kutokana na moshi wa viwanda na magari. Huondoa madini ya chokaa kwenye udongo, na konokono na wadudu wanaohitaji madini hayo hupungua. Utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa ndege huyu huzaliana kwa nadra zaidi palipo na mvua nyingi ya aina hiyo.

Nne, misitu ya Amerika ya Kati inafyekwa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe na mashamba. Na njiani, ndege wengi hufa kwa kugonga vioo vya majengo.

Je, atatoweka?

Si karibuni. Inakadiriwa bado wapo milioni 12 hivi. Hata hivyo, mwaka 2012 kamati ya wataalamu wa Kanada ilimweka kwenye kundi la ndege walio hatarini. Naye si peke yake: utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970, zaidi ya mmoja katika kila wanne.

Nini kinafanyika?

Misitu mingi ya mashariki mwa Marekani ni mali ya watu binafsi. Wamiliki hushauriwa kuacha maeneo makubwa bila kuyakata vipande, na kuacha vichaka na majani makavu chini. Mijini, baadhi ya majengo huzima taa usiku wakati wa safari za ndege. Kusini, baadhi ya wakulima wa kahawa hupanda miti ya kivuli au kubakiza msitu kando ya shamba, na taasisi ya Smithsonian ya Marekani hutoa cheti kwa kahawa inayolimwa kwa kufuata masharti ya kulinda ndege.

Juhudi za upande mmoja hazitatosha. Mkulima wa Honduras na mwenye msitu wa Pennsylvania huenda hawatakutana kamwe, lakini wanamtunza ndege yuleyule.