Remmy Ongala, mtoto wa Kindu aliyebaki Dar



Katika ukurasa huu tunazoea kuwakumbuka wenzetu waliotangulia. Safari hii tunamkumbuka mtu ambaye hakulipa mchango hata siku moja kwetu, lakini sauti yake iliingia karibu kila nyumba yetu kule kambini.

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu. Wakati ule Kindu na Uvira zilikuwa ndani ya Kivu moja; Maniema ilikuja kutengwa 1988. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpigaji wa likembe. Wazazi walikufa mapema, na kijana akabaki na wadogo zake mikononi. Wengi wetu tunaijua hiyo hali: unaamka siku moja, wewe ndiye baba. Kwake yeye muziki ulikuwa ndio shamba. Alipiga ngoma na gitaa ili wadogo wapate kula.

Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kwa mjomba wake, Mzee Makassy, akaingia Orchestra Makassy. Baadaye akaongoza Matimila, ambayo ilikuja kuitwa Super Matimila. Watu wakamwita Dokta Remmy. Yeye mwenyewe alijitania kwa jina la Sura Mbaya. Aliimba Kiswahili cha mtu wa kawaida, juu ya mnyonge, pesa, mapenzi na kifo. Mwaka 1989 albamu yake ilitoka Uingereza, na jina lake lilisema ni nyimbo kwa ajili ya maskini.

Hakuogopa kusema. Ukimwi ulipokuwa unamaliza watu na wakubwa wanaona haya kutaja kondomu, alitunga "Mambo kwa Soksi". Radio Tanzania haikutaka kuupiga. Watu waliusikia kwenye dansi na kwenye kaseti, na ujumbe ukafika.

Nyumbani kwake kulikuwa Sinza, pamoja na mke wake Toni, mama wa Kiingereza, na watoto. Mwaka 2001 alipigwa na kiharusi. Miaka ya mwisho alikata zile nywele zake ndefu, akaimba nyimbo za Mungu. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, Dar es Salaam.

Sasa, hii inatuhusu nini sisi wa Uvira?

Tulikimbia 1996, tukavuka ziwa mpaka Kigoma, tukakaa Lugufu na Nyarugusu. Kule tulikuwa Wakongomani. Kwenye matanga, kama kuko mtu mwenye redio na betri, "Kifo" ya Remmy ilipigwa usiku, na hata mzee mgumu alifuta machozi. Ilikuwa sauti ya mtu wa kwetu, katika nchi ya wenyewe. Kisha kuanzia 2005 meli zikaanza kuturudisha Baraka. Tukafika, na watoto wetu wakaitwa Watanzania juu ya Kiswahili chao. Wengine tulikuta shamba linalimwa na mtu mwingine. Mpaka leo kuko wanaotuuliza: nyinyi ni wa wapi?

Remmy naye, kule Dar, alijulikana kama mtu wa Zaire. Katika albamu ya 1992 kuko wimbo wake wa kutamani kurudi nyumbani. Lakini leo ukipanda daladala Dar, kuko kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy. Watu wa pale walimpa mahali kwa jina lake, kwa sababu alikaa nao, alilia nao misiba yao, na alisema shida yao kwa sauti.

Sisi tuliorudi tunaweza kufanya hivyo hivyo hapa. Jirani akifiwa, twende, hata kama ndiye alikuwa anatucheka. Yatima akikosa minerval, tuchange, hata kama likelemba ya mwezi huu ni ndogo. Mahali panakuwa pako pale unapozika na watu na kulea na watu.

Kwenye mkutano unaokuja, mwenye kaseti ya Super Matimila ailete. Na kila mmoja aandike jina la mzee wake mmoja aliyependa muziki na aliyelea watoto, hata wa wengine. Tutaanza kuwakumbuka hapa, mmoja mmoja, mbele hatujawasahau.

Tuko pamoja.