Majimoto na Minazi Yetu

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu imetupasa kuandika habari za mnazi, nasi hatuwezi kumwacha nje majimoto, chungu yule ashonaye majani mabichi kuwa nyumba yake. Wakwezi humlaani, wala hatuwalaumu, maana aumapo hasahauliki.

Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na baadhi ya mashamba yakageuzwa kuwa ya minazi. Kwa macho ya mfanyabiashara wa Mji Mkongwe, hilo lilikuwa badiliko la bidhaa tu, mbata badala ya karafuu. Kwa chungu lilikuwa badiliko la makao. Mkarafuu humpa majimoto majani ya kushona, na juu yake wamo wadudu gamba watoao maji matamu ambayo ndiyo chakula chake. Mnazi uliosimama peke yake haumfai vile.

Faida yake kwa mkulima ilielezwa na Bwana M. J. Way, mtaalamu wa wadudu aliyefanya utafiti hapa Zanzibar na kuuchapisha mwaka 1953. Yuko mdudu afyonzaye vidaka, na mate yake ni sumu. Vidaka hupukutika, na nazi zinazosalia hutoka makovu na utomvu. Wadudu wachache tu mtini watosha kuharibu mavuno. Palipo na majimoto wengi, mdudu huyo hapati nafasi. Jina lake la kitaalamu, *Pseudotheraptus wayi*, latokana na jina la Bwana Way.

Lakini majimoto naye anaye adui: sisimizi wadogo wa ardhini, ambao askari wao wana vichwa vikubwa. Hapa ndipo jembe letu linapoingia. Tangu zamani shamba lililopaliwa likang'aa limehesabiwa kuwa sifa ya mkulima, hata katika eka tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kinyume: ardhi ikiachwa tupu, sisimizi hao hupanda mitini na kumfukuza majimoto, majani yakiachwa chini, wote wawili huweza kukaa pamoja.

Kwa hiyo twawashauri wanachama wafyeke majani, wasiyang'oe wala kuyachoma, na wauache mchungwa au mkarafuu usimame kati ya minazi. Kamba ya usumba ikifungwa toka mti hadi mti humpa majimoto njia isiyopita ardhini. Anayetaka kuhamisha viota avichukue vya kundi moja, kwa maana makundi mawili yakikutana hupigana mpaka kufa.