Nyumba ya Kipande mjini Nairobi: kutoka ghala hadi benki

Mji wa Nairobi ulizaliwa na reli. Mwaka 1899 reli iliyoanzia Mombasa ilifika kwenye uwanda ule wenye maji, pakawekwa kambi, na haukupita muda mrefu kambi ikawa makao makuu ya utawala wa kikoloni. Mwaka 1913 mjenzi wa Kihindi, Gurdit Singh, alijenga humo nyumba ya mawe ambayo kwanza ilitumika kama ghala la reli. Nyumba hiyo ingali imesimama kando ya barabara ya Kenyatta, ambayo zamani za ukoloni iliitwa Delamere. Hata hivyo jina lake, Kipande House, halikutokana na mjenzi wala na reli, bali na cheti.

Kwa asili neno kipande hutaja sehemu iliyokatwa katika kitu kizima. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika lilitumika kwa kadi ya kibarua, ambamo zilitiwa alama siku thelathini za kazi. Nchini Kenya lilipata maana nzito zaidi. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi aandikishwe. Karatasi yake ilionyesha jina, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Iliwekwa ndani ya kijaluba cha chuma, ikaning'inizwa shingoni. Kibarua ambaye mwajiri wake hakutia sahihi ya kumwachilia hakuweza kupata kazi kwingine. Na aliyetoroka kazi alitafutwa kwa njia ya karatasi hiyohiyo. Wazungu na Wahindi hawakuchukua cheti cha namna hiyo.

Uandikishaji huo ulifanyika katika nyumba ya Gurdit Singh, na watu wakaipa jina la kile walichopewa humo. Hivyo ghala la mizigo likawa mahali pa kuhesabia watu.

Uchungu wa kipande haukukaa kimya. Ulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyotolewa na Harry Thuku na wenzake, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ulipigwa risasi mjini humo, na hesabu ya serikali yenyewe ilitaja watu 21 waliokufa. Kipande kilidumu miaka mingi baada ya hapo, hata sheria ya mwaka 1947 ilipoagiza watu wa rangi zote waandikishwe.

Baada ya uhuru nyumba ilipata kazi ya tatu. Mwaka 1976 ilinunuliwa na Benki ya Biashara ya Kenya, ikawa tawi lake. Kuta za mawe ziliachwa, ingawa pande zote yamechomoza majengo marefu ya kioo na saruji. Jina nalo liliachwa.

Hapa ndipo penye swali. Je, yafaa benki ya taifa huru ijiite kwa neno la utumwa wa wazee? Ingalikuwa rahisi kulifuta, kama lilivyofutwa jina la Delamere barabarani. Lakini mambo hayo mawili si sawa. Delamere lilikuwa jina ambalo wenye kutawala walijitukuzia. Kipande ni neno ambalo watawaliwa waliujua mzigo wake. Kulifuta kungeacha jengo zuri la mawe lisilo na ushahidi, kwa maana mawe hayo hayaonyeshi yaliyotendeka ndani yake.

Wakenya wengi hadi leo huita kitambulisho chao kipande, na mteja afunguaye akaunti hutakiwa kukionyesha. Tofauti ni kwamba sasa anakitia mfukoni, na mwajiri hana sahihi ndani yake.